Sanduku la Pili la Zaidi

Mji mzima wa Ikwiriri ulimjua Zaidi kuwa ndiye fundi wa fataki, na mji mzima ulikosea. Baiskeli alizijua kweli, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Pancha akiziba, imezibika. Lakini fataki za kupaa, zile zilizowatoa watu Umwe na hata Mbwara kuja Maulidini kwa miguu, zilikuwa kazi ya mkewe, Shamsia. Aliyelijua hilo, ukimtoa Shamsia mwenyewe, alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa na miezi miwili na nusu kaburini.

Ilianza kama mchezo, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena na watu wakawa wanarudi toka Dar na vifataki vya dukani, vya kulia pa! chini na kwisha. Zaidi akasema yeye atatengeneza ya kwenda juu. Akachukua mkaa wa mkoko, kwa kuwa ndio mkaa bora jikoni, akausaga kwa ajili ya baruti yake, akashindilia. Fataki ikakohoa, ikatoa moshi, ikalala. Mara tatu! Majirani walicheka wakashika mbavu. Shamsia hakucheka. Yeye ndiye aliyepika kila siku, alijua mkaa wa mkoko hauna haraka. Akachoma mabua ya mbaazi, yenye mkaa mwepesi wa kupeperuka kwa pumzi, akampa mumewe. Fataki ya nne ikapita juu ya minazi, na tangu siku hiyo mume akaitwa Zaidi Fataki.

Basi kazi ikawa ya Shamsia. Alizungusha karatasi za mifuko ya saruji mpaka zikawa bomba gumu, akalibana koo kwa udongo, akakata vijiti vya mkia na kuvipima kimoja kimoja juu ya kidole. Zaidi alibeba uwanjani na kuwasha. "Mwanamke na baruti, watu watasema nini?" aliuliza mwaka wa kwanza, na Shamsia akakubali. Mwaka wa sita alikuwa amechoka kukubali. Alichoka kusimama uani, kichwa juu ya ua wa makuti, akisikia watu wakipiga kelele "Zaidi! Zaidi!" kwa kitu kilichotoka mikononi mwake. Alitaka asikie jina lake mara moja tu. Akamwambia mumewe, na Zaidi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaapa. "Maulidi haya nitasimama mbele ya watu niwaambie. Haki ya Mungu." Kisha homa ikampata, ikamchukua kwa siku nne, na kiapo kikaenda naye.

Sasa Shamsia alikuwa amekaa eda. Chumba kimoja, nguo nyeupe, sauti ya chini, mlango hauvukwi. Shangazi yake, Bi Fatu, alikaa naye akitafuna tambuu. Maulidi yakafika. Alasiri ya siku yenyewe akaja Tamimu, mdogo wa marehemu, akasimama nje ya pazia.

"Shemeji, hujambo? Kamati inaomba zile fataki za kaka. Tuzirushe leo, tumuenzi."

Zilikuwa saba, ndani ya sanduku chini ya kitanda.

"Kila moja ina kijiti chake," Shamsia alisema. "Ukivichanganya, itageuka irudi kwa watu."

"Shemeji nawe! Kijiti si kijiti tu? Haya tuachie wanaume."

Shamsia alikasirika. Kwenda uwanjani hawezi. Kupaza sauti hawezi. Kusema "nimezitengeneza mimi" anaweza, lakini nani amwamini mjane anayemvua mumewe sifa kabla hata eda haijaisha? Shahidi wake yuko chini ya udongo. Na uwanjani kutakuwa na watoto wa watu. Akamwambia Tamimu asubiri, akaketi sakafuni, akafunga vijiti vyote saba kwa uzi, kila kimoja mahali pake, haraka kama anayesuka ukili wa mkeka.

Bi Fatu aliacha kutafuna. "Nani kakufundisha hayo, mwanangu?"

"Mume wangu."

"Zaidi?" Bi Fatu alimtazama sana. "Zaidi alikuwa hawezi hata kutia uzi kwenye sindano." Akamsogezea uzi.

Baada ya isha zilipaa zote. Shamsia aliketi ndani, dirisha limefungwa, akisikiliza. Mlio wa kupaa, kimya, mpasuko. Mwanga ulipenya juu ya ukuta, chini ya makuti, ukazimika. Saba, hata moja haikuyumba. Uwanja ukapiga kelele "Zaidi! Zaidi!" Shamsia akalia, na tuseme kweli, kilio kile hakikuwa cha mume.

Asubuhi Tamimu akarudi, sauti imemkauka.

"Shemeji, jana watu wamelia. Mama alikuwa hajacheka tangu msiba, jana kacheka. Anasema mwanawe kamsalimia kutoka juu." Akageuka aondoke. "Basi ndiyo mwisho. Za kaka zimekwisha, na mwingine wa kuzitengeneza hatuna."

Shamsia alifungua kinywa. Neno "mimi" lilikuwa pale pale, fupi, angelitoa kwa pumzi moja. Akilitoa, anamnyang'anya mama mkwe salamu ya mwanawe. Akilimeza, hatashindilia tena fataki maisha yake yote, na hilo nalo aliliogopa, aliliogopa sana.

"Hazijaisha," alisema. "Kaka yako aliacha sanduku la pili."

"La pili! Liko wapi?"

"Lipo. Nitakutolea Idd ikifika."

Tamimu akaondoka anakimbia kuwapa watu habari. Bi Fatu alitazama chini ya kitanda, palipokuwa na sanduku moja, tupu, kisha akamtazama mpwa wake.

"Shangazi," Shamsia alisema, "nitafutie mabua ya mbaazi."

"Mengi?"

"Mengi."

Kisha akahesabu siku kwa vidole. Eda ya mume ilibakiza hamsini na tano. Hii nyingine, ya kulimeza jina lake, aliyojiwekea asubuhi ile, haikuwa na hesabu.