Akoru na Muhuri wa Kanesh

Kabla hamjamsifu Akoru, nisifuni mimi kwanza. Mimi ndiye mjomba wake, na dawa niliitoa mimi. Shule niliiacha darasa la sita. Sikushindwa, mwalimu ndiye aliyechoka. Lakini misimu minne niliwapikia watu wanaochimba mifupa ya kale kule ziwani, na mmoja wao alikuwa mama wa Kituruki. Alikula mchuzi wangu akalia. Ilikuwa pilipili, lakini alilia. Huyo ndiye aliyenisimulia habari za Kanesh.

Kanesh ulikuwa mji wa biashara huko kwao, yapata miaka elfu nne iliyopita. Wafanyabiashara walitoka Ashuru, mbali sana, wakitembea na punda majuma sita, wamebeba bati na nguo, wakauza kwa fedha na dhahabu. Punda wengi nao waliuzwa hukohuko. Wageni hao walipewa mtaa wao chini ya mji. Mfalme alichukua ushuru kwanza, ndipo wakaruhusiwa kuuza, na wajanja walipita njia za panya. Wake zao walibaki nyumbani wakifuma nguo na kuwaandikia waume zao barua za ukali juu ya vibao vya udongo. Nilimwambia yule mama, "Hii ni Kakuma tu. Toa punda, weka pikapu."

Sasa Akoru, binti wa dada yangu. Mbuzi wa baba yake waliisha kwa ukame, wakabaki watano. Akashuka Kerio, kando ya ziwa, na kisu kimoja, akajifunza kupasua samaki na kuwakausha. Sura yake imekunjwa tangu hapo. Mkimsalimia "ejok" anawaangalia kama mnamwomba kitu. Samaki wake huwafunga katika magunia mjini Lodwar, na dereva Aukot huyapeleka Kakuma kwa Nyaboth, mama Mnuer mwenye kibanda kikubwa pale soko la kambi ya wakimbizi. Nyaboth na Akoru hawajawahi kupendana. Mmoja humwita mwenzake mwizi, mwingine humwita mjeuri, kisha biashara inaendelea.

Mwaka jana magunia yakaanza kufika yamepungua. Nyaboth alipiga simu, akamtukana Akoru mpaka mimi niliyekaa ng'ambo ya barabara nikasikia. Aukot akaapa kwamba yeye hajagusa kitu. Akoru akaja kwangu.

"Mjomba, wewe si unajua kila kitu?"

"Karibu kila kitu."

"Basi niambie, nitamfungaje huyu fisi mdomo?"

Nikamwambia walivyofanya Kanesh. Mzigo ulifungwa kamba, fundo likafunikwa udongo mbichi, juu yake ukapigwa muhuri wa mwenye mali. Ukifungua, lazima uvunje. Akoru hakusema asante, hiyo si tabia yake. Alichota udongo mwekundu wa mto Turkwel, akafunika mafundo, akakandamiza bangili ya shaba aliyoachiwa na mama yake.

Magunia yakafika Kakuma na udongo umekuwa unga.

"Ni jua, mama," Aukot akasema. "Jua la huku linapasua hata jiwe."

Samaki walikuwa pungufu tena. Nyaboth alisema maneno mawili tu ya mwisho kwenye simu. Aukot akileta muhuri uliovunjika, hatabeba tena mzigo wa soko lile. Na Akoru akileta gunia pungufu, asikanyage Kakuma maisha yake yote. Odongo wa Kalokol, alisema, ana samaki tele wa kumuuzia.

Akoru alinirukia mimi. "Kanesh yako ya bure! Huko hawana jua?"

Nikamjibu kwa hasira, "Kwani nyumba ya udongo unaikandika bila nyasi?"

Jioni ile alikata manyoya ya wale mbuzi wake, akayakandia ndani ya udongo. Ukakauka bila ufa hata mmoja. Magunia yalikuwa matatu, kila moja samaki tisini. Aukot akaondoka nayo alfajiri, sisi tukamfuata kwa gari lingine.

Tulipofika, wanawake wa soko walikuwa wameshazunguka. Mihuri mitatu yote ilikuwa mizima, na alama ya bangili ilionekana wazi. Nilivimba kifua. Nyaboth akakata kamba, akahesabu kwa sauti. Tisini. Tisini. Gunia la tatu, sitini na nane.

"Khalas, imetosha!" Nyaboth akapaza sauti. "Muhuri ni mzima. Nani amefungua? Hakuna! Wewe mwenyewe umefunga pungufu, wewe mwizi!"

"Mimi nilisema," Aukot akadakia, mikono kiunoni. "Miezi yote mnanisingizia. Huyu mama ndiye."

Wanawake wakaanza kumsukuma Akoru atoke sokoni. Mmoja alimtupia kichwa cha samaki. Nawaambia ukweli, hata mimi nilirudi nyuma hatua moja. Muhuri wake mwenyewe ulikuwa umemhukumu.

Akoru hakutoka. Aliinama akaokota mihuri mitatu pale chini. Akavunja wa kwanza mbele ya uso wa Nyaboth: manyoya yalining'inia, vipande havikutaka kuachana. Akavunja wa pili: manyoya. Wa tatu ulipasuka kama biskuti. Nje ulikuwa umepakwa udongo mwekundu, lakini ndani mlikuwa na mchanga mtupu wa korongo, wa kijivu.

"Udongo wangu una mbuzi ndani," alisema. "Huu una nini?"

Nyaboth akauchukua, akausagasaga kwa vidole. Kisha akamgeukia Aukot. "Mke wako ana bangili kama ya Akoru, sivyo?"

Aukot akacheka kicheko kibaya. "Bangili ziko kila mahali."

"Fungua gari."

"Gari ni langu!"

Hakumaliza. Wanawake walikuwa wameshavuta kiti cha pikapu. Nyuma yake, ndani ya turubai, samaki ishirini na wawili. Nyani mkubwa yule alipigwa kwa kandambili mpaka barabarani, na ufunguo wa gari lake ulilala kwa Nyaboth siku tatu.

Mnadhani walikumbatiana? Nyaboth alivuta gunia la tatu upande wake, akasema, "Wiki ijayo leta manne. Na usinisalimie." Akoru akajibu, "Nani alikusalimia?"

Mpaka leo Nyaboth huvunja kila muhuri akitafuta manyoya, mbele ya Akoru, bila haya. Akoru naye hukagua mizani ya Nyaboth kwa jiwe lake mwenyewe la kupimia. Yule mama wa Kituruki aliniambia Kanesh uliungua, na mafundi wa kuchimba wakakuta vibao zaidi ya elfu ishirini. Nilimuuliza ni vingapi vilivyokuwa vya mapenzi. Akasema vichache, vingi ni vya mizigo, madai na lawama.

Nilipodai zawadi yangu, Akoru alinipa mkia mmoja wa samaki, tena mkavu. Nimeutafuna nikimlaani.