Nukta Inayotoroka Buluu

Televisheni yetu pale mtaa wa Jericho ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, lakini baba hakukubali kuambiwa hivyo. Alinunua ile karatasi ya plastiki yenye rangi tatu, buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini, akaibandika mbele ya kioo. Tangu siku hiyo ikawa TV ya rangi. Msomaji habari alikuwa na nywele za buluu na tai ya kijani, na ole wako ucheke.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu, na baba, dereva wa lori, alishaamua kwamba niache fizikia nisomee taipu. Binti wa rafiki yake kule mtaa wa Tena alisomea taipu akapata kazi ofisini. "Fizikia itakupeleka wapi?" aliniuliza kila mara. Jumatatu angekwenda shuleni kunibadilishia masomo. Niliwaka hasira, lakini baba ni baba.

Ijumaa, mwalimu wetu wa fizikia akaingia darasani na gazeti la kigeni, amelikunja kwapani. Ndani mlikuwa na picha zilizopigwa na darubini iliyo huko juu angani, kupita mawingu na hewa yote. Ilikuwa imekikodolea macho kipande kidogo cha anga kinachoonekana kitupu, ikakipiga picha kupitia vichujio vya rangi mbalimbali, kila kimoja kikipitisha nuru ya rangi yake tu. Kumbe kitupu kile kimejaa galaksi! Mwalimu akatuonyesha nukta moja: kwenye picha ya kichujio chekundu ipo, kwenye ya buluu haipo. Hiyo ndiyo ya mbali kupita kiasi, akasema. Gesi ya haidrojeni huimeza nuru yake iliyo kali zaidi, na kwa kuwa ulimwengu unatanuka, nuru inayobaki hunyooshwa njiani ikaelekea wekundu. Ukitaka kuijua galaksi ya mbali, basi, tafuta inayotoroka buluu. Nilitembea hadi nyumbani nikiongea peke yangu, na watu wa sokoni wakinitazama.

Jumamosi mchana, majirani wamejaa sebuleni wakingoja mpira, niliiendea TV nikaibandua ile plastiki.

"Wee! Umerukwa na akili?" baba akafoka.

"Baba, dakika moja tu."

"Mzee, mechi ndio hiyo inaanza," kijana mmoja akalalamika.

Sikumjali. Nilikuwa nimepaka nukta mbili kwenye karatasi nyeusi, moja nyeupe na moja nyekundu. Nikampa baba plastiki aishike mbele ya macho, nami nikasimama mlangoni penye mwanga na karatasi yangu.

"Angalia kwa hiyo buluu. Unaona ngapi?"

"Moja."

"Sasa angalia kwa hiyo nyekundu."

Akaangalia. Akairudia buluu, akaijia nyekundu tena. "Mbili! Hii ingine ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa hapo tu, Baba. Hivyo ndivyo wanavyojua galaksi ya mbali kabisa. Nuru yake ilianza safari kabla hata dunia hii haijakuwako."

"Na haijasimama mahali?"

"Haijasimama. Ndio imefika sasa, ikapigwa picha."

Baba, aliyeijua barabara ya Mombasa kona kwa kona, akapiga makofi. "Hiyo sasa ndiyo safari! Mama watoto, acha hiyo sufuria, kuja uone!" Plastiki ikapita mkono hadi mkono, kila mtu akipiga kelele nukta ikimtokea. Mpira ulianza bila mtu kuutazama. Nilikuwa na furaha ya kupasuka.

Jirani mmoja, mzee wa kanisa, akamgeukia baba. "Sasa huyu msichana atasomea nini?"

Baba akanitazama. Nilijua jibu lake, nilishalisikia mara nyingi, nikajikaza kulisikia tena.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali la galaksi. Hilo la ninachotaka kusomea hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza. Nikasema, "Fizikia," kisha nikaangua kilio mbele ya majirani wote.