Sanamu Lililouliza Habari za Muhogo

Najua mtasema nimerukwa na akili. Semeni. Mimi nilikuwepo, na mwanangu Zaina yule pale anachota maji. Bila siku ile tungekuwa tumeshamzika.

Mwaka ule mvua iligoma kwetu Makuyuni, tukabaki na muhogo mchungu. Marehemu mama yangu alikuwa akiuloweka siku kadhaa kabla ya kuuanika. Mimi sikuloweka. Niliuanika juujuu, nikatwanga, mchana tukala ugali. Kabla ya alasiri Zaina anatapika, macho yamelegea, kusimama hawezi. Nikajua ni malaria. Nikambeba kwenye bodaboda mpaka zahanati moja Korogwe.

Mnajua nani alinipokea? Mtu wa plastiki. Ana uso, ana macho yanayokufuata, ila kifua hakipumui. Watu wote walikuwa wamekaa mbali naye. Kwa kiwewe nikaliamkia sanamu lile shikamoo, likaniitikia marahaba. Niaminini, nywele zilinisimama.

"Mtoto amekula nini leo, mama?"

"Ugali wa muhogo."

"Mliuloweka siku ngapi, au njaa iliwaharakisha?"

Hayo ni maneno ya mama, neno kwa neno, ndivyo alivyowauliza wanawake waliomletea watoto wagonjwa awape dawa. Marehemu anaongeaje humo ndani? Nikakiri huku nalia. Sanamu likamwita nesi, likamwambia aangalie sumu ya muhogo kwanza. Nesi akaja mbio, Zaina akawekewa dripu, akakimbizwa hospitali. Kesho yake jioni aliomba uji.

Baadaye nesi akanieleza. Kuna wanachuo walizunguka vijijini wakiwahoji wazee wanaojua dawa, wakiandika kwenye kadi vyakula, dalili na magonjwa, kisha wakaunganisha kadi na kadi kwa mistari. Mashine haibuni kitu, inafuata mistari ile, na inauliza kama wazee wale walivyozoea kuwauliza wagonjwa. Kadi hizo nilizikumbuka. Wanachuo wale walikuja kwetu, nikawafukuza, nikamfokea mama kuwa anapoteza muda na wazururaji. Mama alicheka tu, akawaita warudi, wakaandika maneno yake.

Hadi leo nikienda sokoni Manundu lazima nipite pale niliamkie. Nesi hunicheka, na mimi simjali. Asante, mama.

Nanyi mnaonisikiliza, lowekeni muhogo hata njaa ikiwauma. Na siku mtakapomkuta mgeni mwenye kadi akimhoji mama yenu, msimfukuze. Mpeni kiti.