Maeneo Machache ya Bibi

Kacha, kacha, kacha. Ndivyo inavyolia kahawa iliyokauka vizuri ukiifumbata mkononi na kuitikisa karibu na sikio, buni ikigonga ganda lake kwa ndani. Ikiwa bado mbichi haisemi kitu. Kila jioni bibi alikuwa akiinama kwenye turubai, anachota konzi moja, anatikisa, anasikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo, halafu anairudisha.

"Bado imenuna," anasema.

Ni kwa ajili ya sauti hiyo nilitolewa Bukoba mjini, nilikokuwa najifunza cherehani, nikaletwa Maruku kukaa na bibi kiangazi kizima. Misimu miwili iliyopita kahawa yake iliota ukungu uani. Mvua ilikuwa inamzidi mbio. Baba mkubwa, mtoto wake wa kwanza anayeishi Muleba, alimwambia mbele yangu bila kuzunguka:

"Mama, ikiota ukungu tena nakuja na gari. Utakaa kwangu, na kibanja tutamwachia mtu akiangalie."

"Na isipoota?"

"Isipoota, kaa."

Bibi akampa mkono kama watu wanaouziana ng'ombe. Kwenye kile kibanja chake cha migomba na kahawa ndiko alikoolewa, ndiko alikozika mume, na kila mgomba anaujua mama yake.

Basi utabiri wa hali ya hewa ukawa kama sala nyingine pale nyumbani. Baada ya rozari bibi anaweka redio mapajani, ile redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na mimi naambiwa nisipumue kwa nguvu. Siku waliyosoma utabiri wa msimu, mtangazaji akasema kipupwe cha mwaka huu kwa ujumla kitakuwa kikavu katika mkoa wa Kagera. Bibi akanishika goti.

"Mwana wange, wamesema kipu nini?"

"Kipupwe, bibi."

"Kinaua?"

Nilicheka mpaka nikakosa kusikia sentensi iliyofuata. Alidhani ni ndugu yake kipindupindu. Nikamweleza kuwa ni kiangazi tu cha baridi na upepo, ndiyo kyanda yetu hii hii, ila wameiita kwa jina la pwani.

"Yaani kyanda yetu wameipeleka pwani kubatizwa?"

Tulikuwa bado tunacheka mtangazaji alipomalizia: isipokuwa maeneo machache yaliyo jirani na ziwa, ambayo yanaweza kupata vipindi vifupi vya mvua. Bibi akaacha kucheka.

"Sisi ni maeneo machache?"

Kutoka uani kwake, ukipanda kidogo nyuma ya nyumba, ziwa unaliona.

Toka siku hiyo tulianza kuishi kama watu wanaosubiri kuitwa. Mvua ya kwetu hupenda asubuhi, na hutokea ziwani. Wingu likijitokeza tu, bibi anapiga kelele, "Maeneo machache hao!" nami natupa nilichoshika. Tunakamata pembe za turubai, tunaikusanya kahawa katikati, tunakunja, tunapanga mawe juu. Wingu linapita zake kwenda kunyeshea watu wengine. Tunatoa mawe, tunakunjua, tunatandaza, natembeza reki. Hujakaa, jingine hilo. Jamani, nilichoka. Vidole viligeuka vyeusi, mabega yakawa kama si yangu, na jioni moja nilisinzia sahani ikiwa mapajani, kuku akanimalizia ndizi.

Betri za redio nazo zikachoka kabla yetu. Bibi akasema, "Soma wewe." Nami nina ndoto hiyo, sijawahi kuificha, ya kuwa siku moja sauti yangu itoke redioni, hata kama ni kusoma mvua tu. Basi nikasimama mlangoni, nikasafisha koo.

"Wasikilizaji, uwanja wa bibi na vitongoji vyake utakuwa na jua. Upepo utavuma kutoka jikoni. Mjukuu anatarajiwa kulala mapema."

"Huyo mtangazaji ni mvivu," bibi akasema. "Afukuzwe kazi."

Asubuhi iliyotupata haikuwa na wingu hata la kusingizia. Tulitandaza, nikachukua ndoo nikashuka kisimani. Nilikuwa nachota niliposikia migomba ya upande wa ziwani inapiga makofi, shamba moja baada ya jingine, ikisogea. Niliacha ndoo pale pale. Nilipanda kile kilima naona kama miguu inabaki nyuma, na mvua ilifika kabla yangu.

Nilimkuta bibi ameshakunja turubai peke yake. Mawe yalimshinda kuyabeba, na upepo ulikuwa unataka kuifunua, kwa hiyo alikuwa amekaa juu yake. Amekaa tu katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha, kitenge kimemganda, maji yanamtiririka puani.

"Bibi, ingia ndani!"

"Nikiingia nani atakaa hapa? Lete mawe, usilete maneno!"

Nilileta mawe. Baadaye, karibu na moto, nikimkausha nywele huku meno yake yanagongana, akasema taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likitangazwa kanisani, "Kumbe ni sisi."

Kahawa haikuingia tone. Bibi ndiye aliyeanza kukohoa.

"Nilikuambia kipupwe kinaua," alininong'oneza akiwa kitandani, na alipoona sijacheka akanifinya sikio. Siku zilizofuata nilitandaza na kukunja peke yangu, nikikimbia ndani kumpelekea chai, nikitoka kuangalia juu. Konzi ya jioni nilimpelekea kitandani aitikise mwenyewe. Mpaka ikalia.

Baba mkubwa alikuja kukagua, na gari alikuja nalo. Bibi akaagiza apewe kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo.

"Mbona napokelewa kama mgeni?"

"Umekuja na gari," bibi akajibu kutoka chumbani, akakohoa.

Baba mkubwa alikwenda kwenye turubai akachota ya juu, akatikisa. Kacha. Akaingiza mkono mpaka chini kabisa, akanusa, akatafuta weupe wa ukungu. Mimi nilikuwa nimeshikilia reki kama vile ndiyo iliyonisimamisha. Akarudi akasimama kwenye mlango wa chumba.

"Kahawa imekauka. Uliyeloa ni wewe, mama."

"Tulipatana kahawa. Kifua hatukukitaja."

Alicheka bila kupenda, halafu akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, na nikaona kuwa na yeye amechoka. Hakuwa mtu mbaya. Anamwogopea mama yake, basi.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Kiti cha mbele kilikuwa kimetandikwa blanketi jipya, na mto mdogo wa kuegemea.

"Wewe ndiye uliyeikausha," akaniambia. "Mwakani utakuwepo?"

Niliifikiria cherehani, nikaifikiria na ile sauti yangu ya redioni. "Sijui, baba."

"Hata mimi sijui." Akalivuta blanketi kitini akanipa. "Mfunike. Usimwambie lilikuwa la safari."

Siku ya kurudi mjini, kahawa ilikuwa imeshaingia kwenye magunia na uwanja ukaonekana mkubwa ajabu. Bibi alikuwa amelala chini ya blanketi lake, kikohozi kimepungua. Begi langu lilikuwa mlangoni. Nilifungua ule mpira wa baiskeli, nikatoa betri kwenye redio, nikaenda kuzipanga juani zipate nguvu tena, katikati ya turubai tupu, kila moja na kijiwe chake pembeni isije ikabingirika. Nikamfukuza kuku.