Mimi wa Video ya Magoti

Nilipostaafu unesi nilitaka kitu kimoja tu, kukaa kwangu Gitothua na kufuga kuku. Kisha asubuhi moja jirani yangu, mama wa kanisa letu, akaja langoni na chupa tupu. Akaniambia mafuta yangu ya magoti yamemfaa na angependa mengine.

"Mafuta gani?" nikamuuliza.

Akanionyesha simu. Nikajiona nimevaa koti jeupe, nyuma yangu maporomoko ya Chania, nikiwahimiza watu waache vidonge vya hospitali. Uso ulikuwa wangu na sauti yangu, hata pengo la meno lilikuwapo. Maneno yale sijawahi kuyasema. Nilipomkataza asipake tena, alinitazama kana kwamba mimi ni mchoyo.

"Lakini umesema mwenyewe," akanijibu. "Tena kwa upole."

Mume wangu aliitazama video mara mbili, akasema yule wa kwenye simu ni mtulivu kuliko mimi.

Nikaenda kituo cha polisi. Afande wa kaunta alikubali kwamba sheria ipo, na kwamba kutumia sura ya mtu kudanganya watu ni kosa la jinai hata kama sura hiyo imetengenezwa na kompyuta.

"Shida ni moja, mama. Nitajuaje wewe ndiye yule wa kweli?"

Nikampa kitambulisho. Akakilinganisha na simu, kisha na mimi, akasema wa kwenye simu anafanana nacho zaidi. Alisema kweli. Picha ya kitambulisho nilipigwa zamani, na yule wa video wamemwondolea mikunjo yote.

Akaniambia nisome maneno ya video kwa sauti. Nikasoma: "Mafuta haya yatakuondorea maumivu, utarara kama mtoto."

Afande alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Yule mwingine alikuwa ametamka "yatakuondolea" na "utalala" kama mtangazaji wa redio. Ulimi wangu haujawahi kuniheshimu hivyo. Akaandika kwenye kitabu cha matukio kwamba mlalamishi anachanganya l na r, ilhali mshukiwa hachanganyi. Niliona aibu, lakini sahihi nilitia. Kabla sijatoka aliniuliza polepole kama mama yake aendelee kuyapaka.

Wapelelezi walimpata mwenye kazi hiyo Thika, mwanamume mwenye duka la kupiga chapa. Uso na sauti alikuwa amevichota kwenye video ya harusi ya mpwa wangu, pale nilipowapa maharusi nasaha ndefu kuliko ilivyohitajika. Kortini alikiri kosa, akafungwa, na video ikaondolewa.

Nilipotoka nje mke wake alinifuata. Nilidhani anakuja kunitukana.

"Alitazama watu wengi, mama," akasema. "Akakuchagua wewe kwa sababu unaonekana mtu wa kuaminika."

Nikamwambia asante.