Kompyuta Iliyomsalimu Mzee

Jumamosi, kwenye chuo cha kompyuta pale Mwenge, mwalimu alitufundisha kurithisha klasi, yaani kuchukua kipande cha programu kilichokwisha kuandikwa na kujenga kingine juu yake. Klasi yake aliiita Mtu, nayo ilijua kuamkia: "Shikamoo."

"Klasi mpya inarithi yote," alisema. "Andikeni mnachobadilisha tu."

Binti mmoja akatengeneza klasi Kijana, akaibadilishia salamu. Mwalimu akamwita mwanafunzi mwenzetu, mzee aliyepunguzwa kazini, aijaribu. Mzee akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Skrini ikamjibu: "Mambo vipi."

Darasa likacheka. Binti akajifunika uso kwa mtandio. "Nisamehe baba, mie nilikuwa najaribu tu. Mwalimu, sasa shikamoo naiandikaje?"

"Huiandiki. Ipo kwa mzazi, klasi Mtu. Futa hiyo mpya uliyoifunikia."

Akafuta, akaiendesha tena. "Shikamoo," ikasema skrini.

Mzee akavua miwani. "Marahaba," akaiitikia kompyuta, taratibu. "Ndiyo ya kwanza tangu niingie humu."

Kicheko kikakatika. Sote tumelelewa kuamkia wakubwa. Lakini asubuhi tulimpita mlangoni tukiwahi kompyuta, na sasa kila mtu akainamia kibodi, akitafuta herufi asiyoihitaji.