Siku Nilipomtoa Mwanahiti

Harufu ya lile jumba la sinema hainitoki puani hata leo: mkojo wa chooni uliopenya chini ya mlango, jasho la watu waliobanana, maganda ya karanga chini ya kandambili, na moshi wa sigara ulioning'inia kwenye mwanga wa projekta kama shuka chafu. Jumapili mchana baba mdogo alikuwa akitupeleka huko kwa miguu kutoka Ilala, mimi na dada yangu Mwajuma, tukikatiza Kariakoo na viatu vyetu vya shule tulivyovisugua mafuta ya nazi ving'ae. Tuliona ni neema. Sasa nikikumbuka natamani kutapika.

Picha zenyewe zilikuwa zilezile, zinabadilika jina tu. Mzungu mwenye bastola anaingia msituni kutafuta sanamu la kale. Wenye sanamu lao wamevishwa majani kiunoni, wanapiga makelele, hakuna hata mmoja aliyepewa sentensi nzima ya kusema. Anawaua kumi, ishirini, anachomoa sanamu, anakimbia, na mwisho linawekwa ndani ya kabati la kioo huko kwao, mabwana wenye tai wanapiga makofi. Nasi tulipiga makofi. Jumba zima, weusi watupu, tunamshangilia mwizi: "Kimbia staringi, kimbia!" Jumatatu asubuhi tulikuwa kwenye mchakamchaka shuleni, tukiwalaani mabeberu na wanyonyaji kwa nyimbo mpaka makoo yanakauka. Hakuna mwalimu, mzazi wala balozi wa nyumba kumi aliyeona kasoro. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nisamehewe. Wao je?

Mwaka ule Mwajuma alivunja ungo, akawekwa ndani. Sisi ni Wazaramo, na kwetu mwali hakai ndani peke yake. Hupewa mwanahiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, kichwa kimechongwa vishungi viwili, shanga shingoni. Mwali humpaka mafuta, humpakata, humlaza kifuani, maana inaaminika kwamba atakavyomlea huyo ndivyo atakavyolea wa tumbo lake. Wetu alikuwa amepita mikononi mwa bibi zetu wote, mti umekuwa mweusi na laini kwa viganja vyao. Shangazi alimtunza kwenye kapu juu ya kabati, akisubiri siku ya kumkabidhi Mwajuma mbele ya wanawake wa ukoo.

Mimi nikaona nimepata sanamu. Shangazi alipokwenda kupanga foleni ya sukari, nikapanda kiti, nikamtoa. Nikavaa kofia ya baba ya pama, nikatoka mbio kichochoroni, wenzangu wananifukuza na majani ya mgomba viunoni, wakibweka kama walivyofundishwa na picha. Akatokea mwanamume mwenye mkoba wa turubai, akasimama kututazama. Baadaye tulijua kwamba alikuwa akiwauzia watalii vinyago mjini.

"Mambo yako makubwa, staringi," akasema.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umelipata sanamu, hongera. Sasa kwenye picha staringi analipeleka wapi?"

"Makumbusho!" tukajibu wote.

"Basi bwana wa makumbusho ndiye mimi. Nikabidhi."

Hakuninyang'anya. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, nikapiga saluti. Akanipigia makofi, akamtia mwanahiti mkobani, akaondoka taratibu. Taratibu! Hata kukimbia hakuhitaji.

Baba alinichapa. Baba mdogo naye alinichapa, yeye aliyenipeleka sinema kwa miguu yake mwenyewe. Shangazi hakuninyanyulia hata kidole. Alikaa na kapu tupu mapajani, analikung'uta, analitazama ndani, analikung'uta tena. Baba na balozi walizunguka mjini siku mbili. Wauza vinyago wakawaambia msijisumbue, kitu chenyewe kimeshapanda ndege. Siku ya kukabidhiwa ikafika, na Mwajuma akapewa gunzi la muhindi lililovishwa shanga. Mama mmoja wa ukoo akasema kwa sauti, ili mwali asikie ndani ya khanga alizofunikwa: "Mwali gani huyu, analea gunzi? Anangoja kuku?" Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mwajuma alilipaka lile gunzi mafuta kila siku, muda wote aliokaa ndani, na hakuniuliza kitu.

Dada yangu ameolewa mara mbili, ameachwa mara mbili, hana mtoto. Wanawake walewale wanasema ni lile gunzi. Upuuzi! Nimesoma mpaka kidato cha nne, najua tumbo halifungwi na muhindi. Lakini wanapomsema mbele yake yeye huinamisha kichwa, kana kwamba wana haki, na mimi niliyezaa wawili bila kumlea mwanahiti yeyote nakaa pembeni na maziwa ya huyu mdogo anayenyonya yananivuja kifuani. Hapo ndipo najichukia.

Siku hizi watoto hawaendi jumba la sinema, wanakwenda video: chumba kimoja Kariakoo, mabenchi, pazia la gunia, joto la kuua mtu. Majuzi nilimkuta binti yangu wa miaka saba humo. Mzungu mwingine, sanamu jingine, majani yaleyale viunoni, na watoto wanashangilia kama tulivyoshangilia sisi. Nikamvuta mkono katikati ya picha. "Mama, unatuziba!" vijana wakapiga kelele. Nikawaambia wanatukanwa na wanalipia kiingilio. Mwenye video akacheka. "Dada, hasira za nini? Picha tu hiyo."

Tulipofika nyumbani Mwajuma alikuwa uani anachambua mchele. Binti yangu, bado amenuna, akakaa miguuni pake.

"Mama mkubwa, na nyie mlikuwa na sanamu la kale?"

"Tulikuwa naye."

"Alikuwaje?"

"Mie sikuwahi kumshika. Muulize mama yako."

Alisema bila ubaya wowote, hakuinua hata macho kutoka kwenye sinia. Nikakaa chini nikamweleza mwanangu yote, mbele ya dada yangu, kwa mara ya kwanza: kiti, pama, kichochoro, saluti. Akasikiliza mdomo wazi, kisha akauliza kama mwizi alikamatwa. Nikamwambia mwizi ni mimi. Akacheka sana, akidhani namtania. Mwajuma hakucheka.